Chai Ama Chui? Cheki Venye Herufi Moja Kwa Damu Inasumbua Familia Busia na Malaba

Kama umewahi kaa chini ucheki muvi za Naija, hii stori unaijua. Kijana na manzi wamependana kabisa, mahari imeongelewa, mashangazi washashona nguo za harusi. Halafu siku moja manzi anatoka hospitali na karatasi mkononi, machozi tele. Karatasi imeandikwa AS. Kijana naye ni AS. Harusi inakufa hapo hapo, na mama mtu anaanguka kwa kochi.

Sisi huku tunacheka, tunasema Wanaija wanapenda drama.

Lakini ngoja kidogo. Kama unasoma hii ukiwa Busia, Malaba, Amukura, Nambale, Funyula ama Port Victoria, hiyo drama inakuhusu kuliko unavyodhani. Ile AS na SS wanalilia kwa muvi ni mambo ya selimundu, ule ugonjwa mtaani tunauita tu sikoseli. Na ukanda huu wa ziwa, pande zote mbili za mpaka, ni kati ya sehemu za Afrika Mashariki zenye watu wengi wanaobeba hiyo kitu kwa damu bila hata kujua.

Leo hatukuhubirii. Tunataka uelewe kitu moja ambayo darasani wengi tuliikremu tukaisahau baada ya mtihani: venye mwili wako unasoma maagizo na kuyageuza kuwa nyama, damu na nguvu. Ukishika hiyo, utaelewa ni kwa nini mtoto wa jirani analia usiku akishika miguu, na ni kwa nini hakuna mtu alimroga.

Faili kubwa haitoki ofisini

Anza na hii. Mwili wako umejengwa na seli, na ndani ya karibu kila seli kuna chumba kinaitwa kiini. Humo ndani kuna DNA, yaani faili ya maagizo yako yote. Nusu ilitoka kwa mathako, nusu kwa budako. Ukiinyoosha DNA ya seli moja tu, inafika kama mita 2. Imekunjwa vizuri kwa vifurushi 46 vinaitwa kromosomu.

Faili hiyo imeandikwa kwa herufi nne tu: A, T, G na C. Kipande cha faili chenye maagizo ya kutengeneza kitu fulani ndicho tunaita jeni. Binadamu ana kama jeni 20,000 za kutengeneza protini. Na usidhani protini ni ile ya omena na maharagwe peke yake. Protini ndizo wafanyakazi wa mwili. Moja inasaga chakula, nyingine inapigana na wadudu wa magonjwa, nyingine inafanya misuli ivute. Ile inabeba oksijeni kwa damu inaitwa himoglobini, na ndiyo staa wa stori yetu.

Sasa, shida ni moja. Faili iko ofisini, lakini mafundi wanaofanya kazi wako nje, mtaani. Na faili ya orijino hairuhusiwi kutoka. Ikipotea ama ichanike, seli imeisha. Wanafanyaje?

Kama umewahi simama Malaba ukaona dereva wa lori akingoja karatasi, jibu unalo. Wanatoa kopi.

Kopi inavuka mpaka

Ndani ya kiini kuna karani, protini fulani, anayefungua ukurasa unaotakiwa tu na kuunakili. Hafungui faili nzima. Kopi anayotoa inaitwa RNA ya ujumbe. Inafanana na DNA, ila mahali pa T inaandika U.

Kopi ikitoka tu kwa mashine huwa na kurasa za ziada zisizohitajika. Zinakatwa, zinazobaki zinaunganishwa. Kwa jeni ya himoglobini, ile iko kwa kromosomu namba 11, vipande vitatu ndivyo vinabaki na viwili vinatupwa. Halafu kopi safi inapita kwa matundu madogo ya ukuta wa kiini. Hapo ndipo mpakani. Kopi inapita, faili inabaki.

Ikifika nje inakutana na fundi anayeitwa ribosomu. Huyu kazi yake ni kusoma herufi tatu tatu. Kila herufi tatu zinaitwa kodoni, na ni kama order ya kitu kimoja: leta hiki, leta kile. Vitu vyenyewe vinaitwa asidi amino, na viko vya aina 20 tu. Ukivipanga kwa mstari tofauti tofauti unapata protini zote za mwili wako, kama venye wasee wa Lego wanajenga nyumba, gari na ndege na vitofali vilevile.

Kuna order ya kuanza, AUG, na kuna tatu za kusimama. Fundi akifika kwa ya kusimama anaachilia mzigo, kazi imeisha.

Na ni nani analeta vifaa? Boda

Hapa watu wa Busia mnafaa kujivunia. Si mnajua stori ya jina boda boda? Wazee wanasimulia venye waendesha baiskeli walikuwa wakivusha watu na mizigo kati ya kituo cha Kenya na kile cha Uganda, wakiita wateja kwa Kizungu cha mpakani, "boda, boda". Kabla ya Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni kufungua rasmi kituo cha pamoja cha mpaka pale Busia mwezi wa Februari 2018, na kabla hata pikipiki zijae, zile baiskeli nyeusi ndizo zilikuwa zinapiga kazi.

Seli yako nayo iko na boda zake. Zinaitwa RNA za kubeba. Kila moja inabeba asidi amino ya aina moja tu, na upande wa pili iko na herufi tatu, kama namba kwa refleka. Fundi akisoma kodoni, boda mwenye namba inayolingana ndiye anaingia. Anashusha mzigo, fundi anaunganisha na uliopita, boda anaondoka kutafuta mwingine. Hakuna kuruka foleni, hakuna kujuana.

Hivyo hivyo, mzigo kwa mzigo, mpaka mnyororo unaisha. Mnyororo wa beta wa himoglobini una asidi amino 146. Miwili ya beta inaungana na miwili ya alfa, ambayo maagizo yake yako kwa kromosomu namba 16, wanashika chuma katikati, na hapo unapata himoglobini moja kamili. Chembe moja nyekundu ya damu hubeba kama milioni 270 za hizo. Kazi hiyo yote inafanyika ndani ya uboho wa mifupa, kabla chembe haijaingia barabarani. Chembe ikikomaa inatupa hata kiini chake ili nafasi yote ibaki ya kubeba oksijeni.

Chai ikageuka chui

Sasa shika hapa vizuri.

Chukulia umetuma mtoto hotelini na karatasi imeandikwa LETA CHAI. Lakini mkono ukateleza, ukaandika LETA CHUI. Ni herufi moja tu. Mtoto ni mtiifu, haulizi maswali. Wewe umekaa na mandazi yako ukingoja, kumbe kinachokuja ni tofauti kabisa.

Kwa jeni ya beta ya himoglobini, mahali pa sita kunafaa kuandikwa GAG. Kwa watu wengine kumeandikwa GTG. A imegeuka T. Karani ananakili venye ameona, kopi inasema GUG, boda wa GUG anaingia na mzigo wake, fundi anaunganisha. Hakuna aliyekosea kazi yake. Wote wamefuata maagizo.

Lakini mzigo si ule. Mahali palifaa kuwa na asidi glutamiki, inayopenda maji, sasa pana valini, ambayo haipendi maji, ni kama tone la mafuta. Himoglobini ikishaachilia oksijeni, hiyo valini inatafuta mahali pa kujificha, inajibana kwa himoglobini jirani. Jirani anabana mwingine. Wanajipanga kamba ndefu ngumu ndani ya chembe, na chembe iliyokuwa mviringo laini inapindika kama mundu, ile ya kukatia nyasi. Jina selimundu limetoka hapo.

Chembe laini hupita kwa mishipa midogo bila noma. Yenye umbo la mundu inakwama. Nyuma yake zinajipanga zingine, na wewe foleni ya malori unaijua. Mbele ya foleni hakuna oksijeni inafika. Hayo ndiyo maumivu. Yanaweza kuwa kwa mifupa, kifua, mgongo, hata ubongo mtu akapata kiharusi akiwa mtoi. Tena chembe ya kawaida huishi kama siku 120, lakini hizi hufa kwa siku 10 mpaka 20. Damu inapungua, macho yanageuka manjano.

Kama unapenda hip hop ya zamani, unamjua Prodigy wa Mobb Deep. Alizaliwa nayo, akaandika ngoma nzima juu ya hayo maumivu mwaka wa 2000, na akafariki 2017 akiwa na miaka 42. T-Boz wa TLC pia ameishi nayo. Si ugonjwa wa watu wa kijiji fulani, na si laana ya nyumba fulani.

Mbona iko sana huku kwetu?

Swali poa. Mbu ndiye mwenye jibu.

Mwaka wa 1949 Anthony Allison, mwanafunzi wa udaktari aliyekuwa amelelewa Kenya, alizunguka nchi akipima damu za watu. Akaona kitu cha ajabu. Pwani na karibu na Ziwa Victoria, wabebaji walikuwa wengi sana. Milimani, walikuwa wachache mno. Akajiuliza, ni nini iko ziwani na pwani na haiko milimani? Malaria. Mwaka wa 1954 akachapisha ushahidi kwamba mtu mwenye nakala moja ya kawaida na moja ya S, yaani AS, analindwa dhidi ya malaria kali.

Fikiria hiyo. Kwa vizazi vingi, malaria ikimaliza watoto hapa kwetu, wale AS ndio walikuwa wanabaki zaidi. Wakakua, wakazaa, wakapitisha hiyo herufi. Busia mpaka leo iko kati ya kaunti zenye malaria nyingi zaidi Kenya. Hiyo herufi haikuja kutusumbua bure. Iliokoa babu zako, halafu ikaacha bili, na bili inalipwa na mtoto anayepata S mbili.

Na usijidanganye. Kuwa AS hakumaanishi utupe neti. Malaria bado inakushika. Na mwenye SS akishikwa na malaria anaumia zaidi kuliko mtu mwingine yeyote kwa boma.

Sasa hesabu ya mapenzi

Mpaka huu hautenganishi mapenzi. Waiteso wako Malaba na wako Tororo. Wasamia wako Funyula na wako ng'ambo. Unakutana na msupa sokoni Busia, kumbe kwao ni upande ule wa pili wa barabara, nchi nyingine. Damu zinafanana kuliko vitambulisho.

Kama wewe ni AS na mpenzi wako ni AS, kila mimba iko hivi: nafasi 1 kwa 4 mtoto awe AA, 2 kwa 4 awe AS, na 1 kwa 4 awe SS. Kila mimba inaanza hesabu upya. Kupata mmoja SS hakumaanishi watatu wanaofuata wako salama. Kama mmoja wenu ni AA na mwingine AS, hampati mtoto SS.

Na tafadhali tusikilizane hapa. Mtoto SS amepata S moja kwa baba na S nyingine kwa mama. Zile kelele za "huyu mwanamke ndiye ameleta ugonjwa kwa boma letu" ni uongo wa kisayansi. Kuna akina mama wamerudishwa kwao na watoto mgongoni kwa sababu ya huo uongo, wakati nusu ya hiyo bili imetoka kwa baba mwenyewe. Kijana, kabla unyooshe kidole, kapimwe.

Ukienda kupimwa, uliza ni kipimo gani. Kile cha haraka cha kuangalia kama chembe zinapindika kinasema tu S iko ama haiko. AS na SS zote zinaweza kuonekana vilevile. Kile kinachotenganisha kinaitwa elektroforesi ya himoglobini. Ukiambiwa tu "uko na sikoseli" bila hiyo, usianze kulia wala kuachana na mtu. Omba kipimo kamili.

Mtoto alizaliwa fiti, mbona sasa?

Hii ndiyo inachanganya wazazi wengi. Mtoto anazaliwa mzima, ananyonya, anacheka. Akifika kama miezi sita, mikono na miguu inavimba, analia usiku kucha. Hapo ndipo majirani wanaanza kunong'ona juu ya uchawi.

Kumbuka tulisema karani hafungui faili nzima. Kila seli yako iko na maagizo yote, lakini jeni zingine zimewashwa na zingine zimezimwa. Seli ya jicho iko na jeni ya himoglobini, ila imeizima. Ndiyo maana jicho ni jicho na ini ni ini.

Sasa, mtoto akiwa tumboni hatumii mnyororo wa beta. Anatumia mwingine unaitwa gama, na himoglobini yake ni ya kitoto. Hiyo ya kitoto haina ile herufi mbaya. Baada ya kuzaliwa, mwili unazima gama polepole na kuwasha beta. Kama beta yenyewe ni ya chui, shida inaanza. Hakuna mtu alitupa kitu kwa njia panda. Ni swichi tu imegeuka.

Na hapo ndipo wanasayansi walipata akili: je, tukiiwasha tena ile ya kitoto?

Kuna dawa inaitwa haidroksiurea, inamezwa, na moja ya kazi zake ni kuamsha himoglobini ya kitoto. Ilijaribiwa kwa watoto wa Afrika, ikiwemo Kilifi hapa Kenya na Mbale, ule mji uko mbele ya Tororo ukivuka Malaba. Majibu yalitoka Desemba 2018: maumivu yalipungua, kuongezwa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Si dawa ya kununua kiholela. Daktari anapima damu na kupanga dozi. Lakini iko, na kila mzazi wa mtoto SS anafaa kuiulizia kwa jina.

Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zikapitisha kitu kikali zaidi, tiba inayoitwa Casgevy. Wanatoa seli za uboho za mgonjwa, wanatumia mkasi wa CRISPR kuharibu swichi ya BCL11A, yule askari anayezima gama, halafu wanazirudisha. Ya kitoto inawaka tena. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2. Ndio, umesoma vizuri. Kwa sasa hiyo si ya msee wa Malaba.

Lakini kuna zingine zimeshafika kwetu. Chanjo ya malaria, ile RTS,S iliyoanza kutolewa Kenya Septemba 2019 kwa kaunti za kanda ya ziwa, ilitengenezwa kwa mtindo huu huu. Walichukua kipande cha jeni ya kimelea cha malaria, wakaiweka ndani ya hamira, ndiyo, ile hamira ya mandazi. Hamira ikasoma maagizo na kupika protini. Haikuuliza jeni imetoka wapi, kwa sababu lugha ni moja kwa kila kiumbe.

Ubaki na hizi

Kama bado hujazaa, jua wewe ni nani: AA, AS ama SS. Mwenzako naye ajue. Mkipata nyote ni AS, uamuzi ni wenu, lakini muufanye mkijua, si baada ya mtoto wa pili kulazwa.

Kama kwenu kuna mtoto SS, homa ni ya kukimbizwa hospitali, haingojwi kesho. Neti kila usiku, maji ya kunywa mengi, chanjo zote, dawa za kuzuia maambukizi kama daktari alivyosema, na asikae kwa baridi. Shuleni waambie walimu, ili akiomba kupumzika asiitwe mvivu.

Na ukisikia mtu stage anasema huyo mtoto amerogwa, muulize kama anajua tofauti ya chai na chui.